Kumimina miche ya resini ya kutengenezea kalamu: mwongozo wa anayeanza nyumbani

Ukishika kalamu iliyokerezwa kutoka kwenye resini, yaani plastiki inayomiminwa ikiwa majimaji kisha ikaganda, jicho hukimbilia rangi: mawingu ya buluu chini ya uso unaong'aa, mshipa wa dhahabu unaopinda na kupotelea ndani. Ndiyo maana wengi wanaoanza hununua rangi kumi kabla ya kununua mizani. Nakuomba ufanye kinyume. Rangi ndiyo sehemu rahisi ya kazi hii. Kinachoamua kama utapata mche wa kukereza au ulimbo usiokauka ni mambo matatu ambayo hakuna atakayeyaona kwenye kalamu iliyokamilika: uzito, joto na muda.

Mche ninaouzungumzia ni kipande cha pande nne, mfano wa mche mwembamba wa sabuni. Hutobolewa katikati, huingizwa mrija wa shaba, kisha hukerezwa hadi uwe mwili wa kalamu. Kwa kalamu nyembamba za kawaida, mche wa milimita 20 kwa 20 wenye urefu wa milimita 130 unatosha. Kalamu nene huhitaji zaidi, kwa hiyo soma vipimo vya seti yako ya kalamu (vile vipande vilivyo tayari vya kuunganishia kalamu) kabla ya kununua kalibu ya kumiminia.

Chagua resini moja, ubaki nayo

Resini za kazi hii ni za aina tatu. Poliyesta hugandishwa kwa matone machache ya kichocheo, kama asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake, na ikisuguliwa vizuri hung'aa kama kioo. Ubaya wake ni kwamba humegeka kwa urahisi mbele ya patasi, harufu ya kemikali yake iitwayo staireni hujaza nyumba nzima, na kichocheo chake, MEKP, kikirukia jichoni kinaweza kupofusha. Poliuretani ni ngumu bila kumegeka na hukerezeka kwa raha, lakini hukupa dakika chache tu kabla ya kuanza kuganda. Tena haipatani na unyevu kabisa: kijiti kibichi, kikombe chenye tone la maji au mti usiokauka vizuri hutosha kuigeuza povu. Wanaoitumia karibu wote wana tungi la shinikizo, chombo cha hewa iliyobanwa kinachobana viputo ndani ya resini.

Epoksi ndiyo ninayompa anayeanza. Huganda polepole, kwa hiyo ukikosea hatua unao muda wa kurekebisha, na harufu yake ni ndogo. Ila usichukue ile ya kupaka juu ya meza, kwani ni nzito na hushika viputo. Tafuta iliyoandikwa kwamba ni ya kumimina, iliyo nyepesi, na ambayo mtengenezaji ametaja ugumu wake baada ya kuganda. Ugumu huo hupimwa kwa kipimo cha Shore D, na mimi hutafuta 80 au zaidi. Epoksi laini huvutika mbele ya patasi, na haipati mng'ao hata uisugue siku nzima.

Ukishaichagua, usiibadilishe kabla ya kumimina mara tano au sita. Kila resini ina tabia yake, na tabia haijulikani kwa siku moja.

Linda mwili wako kabla ya kufungua chupa

Hapa sitafupisha. Madhara ya epoksi hayatoki kwenye harufu peke yake. Hutoka kwenye mzio unaojengeka kidogokidogo. Mtu anaweza kuigusa kwa mikono mitupu miezi kadhaa bila tatizo, kisha siku moja ngozi ikakataa, na kuanzia hapo hata tone dogo likamletea vipele na mwasho. Mzio huo ukishaingia, kwa kawaida hautoki. Poliuretani nayo ina kemikali ziitwazo isosianeti, ambazo huweza kuleta mzio wa mapafu.

Kwa hiyo vaa glavu za nitrili, uzibadilishe zikichafuka. Vaa miwani ya kinga inayofunika pembeni. Fanya kazi penye hewa inayopita, na ukitumia poliyesta au poliuretani vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke. Resini ikikugusa, ipanguse kwa karatasi kavu, kisha nawa kwa sabuni na maji. Usijipanguse kwa asetoni wala tina: vimiminika hivyo huyeyusha resini na kuisaidia kupenya ngozi.

Jambo moja zaidi, nalo huwashtua wengi. Resini inapoganda hutoa joto, na ikiwa nyingi ndani ya chombo kimoja, joto hilo hukosa pa kutokea na kuzidi kuharakisha kuganda. Kikombe kinaweza kufika mahali pa kutoa moshi na kuyeyuka. Usikiache na resini nyingi ukaenda zako. Ukikihisi kinawaka mkononi, mimina resini upesi kwenye sinia pana, iwe tabaka jembamba, uiweke nje mbali na vitu vinavyoshika moto. Usiitupe kwenye pipa la taka ikiwa bado ya moto.

Kalibu na mahali pa kazi

Kalibu, au moldi kama wengi wanavyoiita, iliyo bora kwa kuanzia ni ya silikoni yenye vyumba kadhaa vya ukubwa wa mche mmoja mmoja. Resini haishiki kwenye silikoni, kwa hiyo huhitaji mafuta wala nta. Anayependa kujitengenezea anaweza kuunganisha vibao vya plastiki aina ya HDPE kwa skrubu, kisha akavifungua mche ukishaganda. Kalibu ya sanduku refu, ambalo hutoa bamba moja la kukatwa miche baadaye, huchanganya rangi vizuri zaidi kuliko vyumba vidogo, lakini hulazimu uwe na msumeno mzuri. Iache kwa baadaye.

Weka kalibu juu ya ubao, upime ulalo wake kwa pimamaji. Sakafu au meza iliyoinama kidogo tu itakupa mche wenye ncha moja nene na nyingine nyembamba. Chumba kiwe na joto la nyuzi 22 hadi 25 za Selsiasi. Chini ya hapo epoksi huwa nzito, hushika viputo na kuchelewa kuganda. Kama chumba ni baridi, tumbukiza chupa za resini, zikiwa zimefungwa, kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi, kisha zifute zikauke kabisa kabla ya kuzifungua.

Hesabu kabla ya kumimina

Mche wa sentimita 2 kwa 2 kwa 13 una ujazo wa sentimita 52 za ujazo. Epoksi ni nzito kuliko maji kidogo, takriban gramu 1.1 kwa kila sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo mche mmoja hula gramu 57 hivi. Miche minne ni gramu 230. Ongeza asilimia 10 kwa ajili ya itakayobaki kwenye vikombe, utafika gramu 250. Mara ya kwanza usivuke hapo. Miche minne inatosha kukufundisha, na ikiharibika haitakuvunja moyo.

Sasa uwiano. Lebo itasema, kwa mfano, sehemu 2 za resini kwa sehemu 1 ya kigumishi, yaani kimiminika cha pili kinachoigandisha epoksi. Swali la kwanza ni: kwa ujazo au kwa uzito? Si kitu kimoja, maana kigumishi mara nyingi ni chepesi kuliko resini. Uwiano wa 2 kwa 1 kwa ujazo unaweza kudai gramu 44 au 45 tu za kigumishi kwa gramu 100 za resini, si 50. Ukipima kwa mizani huku ukisoma namba za ujazo, umeshaharibu. Tafuta kwenye karatasi ya maelezo namba za uzito, na kama hazipo, pima kwa vikombe vyenye mistari.

Na usidhani kuongeza kigumishi kutaharakisha kazi. Kwenye poliyesta, tone la ziada huongeza kasi. Kwenye epoksi, kila chembe ya kigumishi hutafuta mwenzake wa kuungana naye, na wanaokosa wenzao hubaki humo milele, mche ukabaki laini au wa kunata. Mche wangu wa kwanza kabisa ulibaki ukinata wiki tatu kwa sababu hiyo. Nilikuwa nimekadiria kwa jicho.

Kuchanganya

Weka kikombe juu ya mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu, irudishe kwenye sifuri, mimina resini, irudishe sifuri tena, kisha ongeza kigumishi polepole. Koroga kwa kijiti bapa, taratibu, dakika tatu hadi tano ukitazama saa, si kwa kukisia. Kila mara kwangua ukuta wa kikombe, kona ya chini na kijiti chenyewe, kwa sababu hapo ndipo resini isiyochanganyika hujificha. Mwanzoni utaona nyuzinyuzi kama za sukari inayoyeyuka kwenye maji. Endelea hadi zipotee zote.

Kisha hamishia mchanganyiko kwenye kikombe cha pili kilicho safi, ukoroge dakika moja nyingine. Wengi huiruka hatua hii, halafu wanashangaa mche una madoa laini sehemu moja na ni mgumu sehemu nyingine. Ile resini iliyobaki kwenye ukuta wa kikombe cha kwanza iache hukohuko, usiikung'ute.

Rangi, na saa ya kumimina

Gawa mchanganyiko kwenye vikombe viwili, labda vitatu. Kwa mara ya kwanza chagua rangi mbili tu zinazotofautiana kwa mwanga, moja iliyokolea na moja nyeupe au ya fedha. Rangi mbili zinazokaribiana hupotezana, na rangi tano humalizikia kuwa tope.

Unga wa maika, madini yanayometameta, ndio unaoleta ule mng'ao wa lulu. Gramu 1 hadi 2 kwa gramu 100 za resini zinatosha. Anza na pungufu, kwa sababu ukizidisha unadhoofisha mche. Rangi za maji usizitumie kabisa.

Tumefika kwenye kiini cha kazi yote. Ukimimina rangi hizo mara tu baada ya kuchanganya, zikiwa nyepesi kama maji, zitaingiana. Kwa saa zote ambazo epoksi inajiandaa kuganda, zitaendelea kutembea, unga wa maika utatua chini taratibu, na asubuhi utakuta mche wa rangi moja iliyofifia wenye mashapo upande mmoja. Mkono wako haukuwa na kosa. Ulimimina mapema.

Subiri. Viache vikombe vitulie. Viputo vilivyoingia wakati wa kukoroga vitapanda vyenyewe resini ikiwa bado nyepesi. Kila baada ya muda koroga polepole sana ili maika isitue. Unaweza kusubiri dakika arobaini, unaweza kusubiri saa kadhaa, kutegemea epoksi uliyonunua na joto la chumba, kwa hiyo anza asubuhi ya siku ambayo huna haraka. Inua kijiti na utazame uzi unaoshuka. Mwanzoni hudondoka na kuzama papo hapo. Baadaye utaanza kushuka kama asali, ukilala juu ya uso kwa sekunde moja au mbili kabla ya kumezwa. Saa yako imefika.

Wanaotumia poliuretani hufuata kipimajoto kisichogusa badala ya uzi, wakimimina mchanganyiko unapopanda hadi nyuzi 40 na kitu, kwa sababu hapo huwa umeanza kuwa mzito. Kwenye epoksi ya polepole, kiasi kidogo kama chako hakipandi joto sana, hivyo uamini uzi. Ila ukiona joto linapanda haraka na kupita nyuzi 50, acha kutafuta uzuri, mimina mara moja.

Mimina kwa mkondo mwembamba, kikombe kikiwa karibu na kalibu, vikombe vyote viwili kwa pamoja au kwa kupokezana. Usijaze chumba hadi ukingoni kwa mpigo mmoja. Nenda na kurudi katika urefu wake. Kisha pitisha kijiti chembamba mara moja, kwa mwendo wa nyoka, toka ncha moja hadi nyingine. Mara moja tu! Mkono utatamani kurudia, na kila ukirudia unafuta mistari uliyoipata.

Viputo na tungi la shinikizo

Bila tungi, viputo hupunguzwa kwa subira: resini ya uvuguvugu, kukoroga kwa utulivu, kuiacha itulie ingali nyepesi, kumimina kwa mkondo mwembamba. Vinavyobaki juu ya uso vipitishie kifaa cha hewa ya moto kwa sekunde chache. Moto wa wazi usiupeleke kabisa karibu na poliyesta, kwa kuwa mvuke wa staireni hushika moto. Kwa miche ya epoksi yenye rangi nzito, njia hii inatosha. Kiputo kimoja kikijitokeza wakati wa kukereza, huzibwa kwa tone la gundi ya cyanoacrylate, ile inayoshika papo hapo, na kusuguliwa.

Tungi huja baadaye, ukihamia resini zenye haraka au miche inayopitisha mwanga. Tungi haliondoi viputo, huvibana. Kwenye shinikizo la bari 4 juu ya lile la hewa ya kawaida (ambalo ni karibu bari 1), ujazo wa kiputo hushuka hadi sehemu ya tano ya ulivyokuwa, na mapovu madogo hupotea machoni. Ndiyo maana shinikizo lazima libaki hadi resini iwe ngumu. Ukilifungua mapema, viputo hutanuka tena.

Lakini chombo chenye hewa iliyobanwa kina nguvu ya kuua. Tumia tungi lililotengenezwa kwa kazi hiyo, lenye vali ya usalama, na usivuke kiwango kilichogongwa kwenye bamba lake. Sufuria ya presha ya jikoni haifai, kwani imeundwa kwa bari 1 hivi. Usilegeze kifungo hata kimoja kabla mshale wa kipimo haujarudi sifuri.

Kusubiri, tena

Funika kalibu kwa sanduku ili vumbi lisiingie, uiache. Epoksi nyingi za kumimina zinaweza kutolewa kwenye kalibu baada ya saa 24 hadi 72. Bonyeza ukucha kwenye kona; ukiacha alama, bado. Hata mche ukitoka mgumu, uweke siku saba kabla ya kuukereza. Ndani bado unaendelea kukomaa, na vumbi la epoksi isiyokomaa ndilo baya zaidi kwa ngozi na mapafu.

Ukiona uso wa epoksi una utando kama nta, uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, utatoka. Uso wa poliyesta ukinata kidogo upande uliokuwa wazi, ni kawaida, kwa sababu hewa huzuia tabaka la juu lisigande, patasi italiondoa. Epoksi inayonata mwili mzima, hata ndani, ni uwiano uliokosewa au kukoroga kusikotosha, na hakuna dawa ya kupaka itakayoirekebisha. Mche uliopasuka kwa ndani umepata joto kupita kiasi: punguza kiasi au tafuta resini ya polepole zaidi.

Kutoboa na kukereza

Kata mche ukiwa mrefu kuliko mrija wa shaba kwa milimita kadhaa. Resini hupasuka pale ncha ya drili inapotokea upande wa pili, kwa hiyo toboa bila kufika mwisho, kisha kata kile kipande cha mwisho ili tundu lifunguke lenyewe. Drili izunguke polepole, uitoe kila baada ya sentimita moja kusafisha mabaki na kuipoza. Resini haipitishi joto vizuri. Ikizidi moto hulainika, tundu likapanuka au mche ukapasuka.

Kabla ya kubandika mrija, tazama mche kwenye mwanga. Ukipitisha mwanga hata kidogo, shaba itaonekana kupitia rangi zako ulizozihangaikia. Paka ndani ya tundu na nje ya mrija rangi inayofanana na mche, au nyeusi ukitaka kina, uiache ikauke. Ukwaruze mrija kwa msasa kabla ya kuupaka ili gundi na rangi vishike.

Kwenye mashine ya kukerezea, noa patasi kuliko unavyoinoa kwa mti. Anza kuvunja zile kona nne kwa mikato myepesi, ukivaa ngao ya uso na barakoa ya vumbi. Sikiliza na utazame: resini iliyokomaa vizuri hutoka kama utepe mrefu unaojizungusha kwenye mashine. Ikiruka vipande vipande, noa upya, punguza kina cha mkato. Ukishafikia umbo, sugua kwa msasa wa maji, kuanzia namba 400 na kupanda hadi namba 2000, ukifuta kabisa kila unapobadilisha, na kati ya namba na namba zima mashine usugue kwa urefu ili kuondoa mikwaruzo ya mzunguko. Malizia kwa dawa ya kung'arisha plastiki na kitambaa laini.

Andika kwenye daftari uzito wa kila sehemu, joto la chumba, dakika ulizosubiri na jinsi uzi ulivyoshuka ulipomimina. Resini iliyobaki na kuganda kwenye vikombe ibandue, uivunje vipande uviweke kwenye mkebe. Vikwaruze kidogo kwa msasa, na safari nyingine vipange ndani ya kalibu kabla ya kumimina resini ya rangi tofauti juu yake.